Kitone Katikati ya Pete

Yunis mwanangu,

Umelala, au unajifanya umelala, maana nimepita mlangoni kwako mara mbili na mara zote mbili shuka limetikisika. Sikusumbui. Sanduku limefungwa, baba yako amelikaza kamba utadhani linakwenda vitani, na shangazi zako wamekwisha kukuelekeza yote ya chandarua, mafuta ya kupikia na watu wa kuwakwepa. Hapo mimi sina la kuongeza. Ukila ovyo tumbo litakuuma, na utajua.

Ninachotaka kukuandikia ni habari ya kile kitone. Najua tumekwisha kukizungumza, tena kwa sauti, mpaka jirani akaja kuomba chumvi ambayo hakuwa na shida nayo. Lakini siku ile tulizungumza kwa hasira, na baadaye tukazungumza kwa kucheka, na katikati yake yapo mambo sikuyasema. Mimi unanijua, kujibu ni mwepesi, kueleza ni mzito. Basi nimekaa hapa studio, nimewasha ile taa ya kupigia picha kwa sababu ya mezani imeungua, na naandika.

Nianze na siku uliyokuja na darubini. Ulishuka kwenye pikipiki umeikumbatia, imefungwa kwa khanga yangu ambayo nilikuwa naitafuta, na mimi nikadhani umeleta bomba la maji taka. Ukasema ni mali ya shule, imekaa stoo nyuma ya viti vibovu tangu wageni fulani waiache, na mwalimu wako wa fizikia amekuruhusu ukae nayo mpaka utakapokwenda chuo. Mimi nilikasirika kwa ajili ya khanga. Hilo ndilo lililonishughulisha, khanga.

Wakati huo la chuo lilikuwa kama limekwisha. Baba yako mkubwa alikuwa ametamka kutoka kwake Magole kwamba utasomea uuguzi, na katika ukoo wa baba yako akitamka yeye wengine tunaitikia. Nisikudanganye, mimi niliitikia kwa moyo mkunjufu. Muuguzi namjua. Namwona asubuhi anapita na sare yake, ana kazi, ana heshima zake. Mtu wa nyota sikuwahi kumwona akipita popote. Nikakuuliza hizo nyota ukishazisomea utazifanya nini, utazipanga sokoni kwa mafungu? Ukaniangalia kwa ule utulivu wako unaoniudhi, ukaniuliza, "Mama, wewe unaamini kitu gani?"

"Naamini picha," nikasema. "Ndiyo kazi yangu."

"Nikikuonesha picha ya kitu ambacho macho yako hayakioni, utaniombea kwa baba mkubwa nisome fizikia?"

Nikasema nitakuombea. Nilisema kama mtu anavyomwahidi mtoto kumpeleka Ulaya, nikijua safari haipo. Sikujua kwamba kamera uliyokuwa unaipigia hesabu ni ya kwangu.

Kamera ile unaijua ilivyo katika nyumba hii. Watu wengine wana ng'ombe. Nilikataa, nikakataa tena, halafu siku moja narudi kutoka sokoni nakukuta umekaa na fundi bomba nyuma ya nyumba, mmekata kipande cha bomba la plastiki, mmekisugua kwa msasa mpaka kinaingia kwenye darubini upande mmoja na kwenye kamera upande wa pili. Kamera yenyewe hukuwa umeipeleka kwa fundi. Ulikuwa umeupima mdomo wake kwa uzi wakati mimi nimelala. Nikakishika kile kipande, nikakizungusha, nikakipachika. Kilikaa sawasawa. Hapo ndipo nilipoanza kutaka kujua, Yunis, na wala si kwa sababu ya nyota. Nilitaka kujua kama kitashika.

Tatizo letu hapa Ruaha ni moja, na tatizo lenyewe linakula mezani kwetu. Miezi ambayo anga halina mawingu ndiyo miezi ya kuvuna miwa, na kabla ya kuvuna baba yako na wenzake huchoma mashamba, jioni, moshi unapanda na masizi yanashuka juu ya nguo zilizoanikwa na juu ya ugali. "Mwanangu anataka anga," akasema baba yako, "na anayelichafua ni mimi." Alikuwa anacheka, lakini kuanzia hapo akawa anapiga simu kutoka kazini. Leo tunachoma upande wa mtoni, msihangaike. Kesho hatuchomi, jiandaeni. Mimi miaka yote hii hata saa ya kurudi kula haniambii.

Jioni ya kwanza isiyo na moshi tukaitoa darubini uani. Mguu mmoja wa standi ukauweka juu ya tofali, ukanieleza kwamba mashine hizi zimetengenezwa kwa ajili ya nchi za mbali, ambako ile ncha inayozungukwa na nyota zote iko juu angani, na kwetu sisi walio karibu na ikweta iko chini kabisa, karibu inajificha nyuma ya milima, kwa hiyo lazima mashine ilazwe. Betri ya pikipiki ndiyo iliyoendesha ile mota ndogo ya kuifanya darubini ifuate nyota taratibu. Ukaelekeza kaskazini kwenye nyota moja nyeupe, kali, unayoiita Vega, ukapanda juu yake kidogo mpaka kati ya nyota mbili hafifu, ukasema, "Chungulia."

Nikachungulia. Niliona duara la kijivu, dogo, limefifia, kama alama inayoachwa na kikombe cha chai mezani. Nikakwambia kioo kina uchafu.

"Sio uchafu, mama. Ni nyota iliyojivua."

Basi nikaanza kuuliza, na nakumbuka ulivyokuwa unajibu huku unakaza skrubu bila kunitazama. Inaitwaje? Nebula ya sayari. Sayari yenyewe iko wapi? Hakuna sayari. Sasa kwa nini iitwe hivyo? Kwa sababu watu wa zamani wenye darubini ndogo waliona viduara kama hivi, wakaona vinafanana na sayari, wakaviita hivyo, na jina likabaki hata baada ya kujulikana kwamba ni mawingu ya gesi. Nikasema kumbe na wao hukosea halafu wanaacha hivyohivyo. Ukacheka. Ukasema nyota ya namna ile ikizeeka huvimba, halafu inatupa nje gesi yake, tabaka baada ya tabaka, na kinachobaki katikati ni kiini kidogo chenye joto kali mno, na ni hicho kinachoifanya gesi iwake tukaiona. Ukasema mwanga ule umesafiri zaidi ya miaka elfu mbili kufika uani kwetu. Nikachungulia tena. Mimi mteja akichelewa wiki moja kufuata picha zake nakasirika.

Nilidhani tutapiga picha moja. Kumbe ni nyingi, moja baada ya nyingine, kila moja kamera ikikaa wazi kwa muda, na baadaye kompyuta inazipanga moja juu ya nyingine mpaka kile kilicho hafifu kinakusanyika. Picha ya kwanza ilipotokea kwenye kioo cha kamera nilikunyang'anya. Ilikuwa na rangi. Jicho langu liliona kijivu, na kamera yangu, hiyohiyo ya kupigia maharusi, ilikuwa imeona bluu iliyochanganyika na kijani katikati, na wekundu pembeni. Miaka yote nimekuwa na kitu chenye macho kuliko mimi, na kazi niliyokuwa nakipa ni kuona kidogo kuliko ninavyoona mwenyewe. Kisione chunusi, kisione jasho, kisione ukuta uliobanduka rangi nyuma ya bibi harusi.

Sasa nifike pale pabaya. Uliziunganisha zile picha siku ya Ijumaa, ukaniachia faili kwenye laptopu niiprinti kubwa, maana Jumapili baba yako mkubwa alikuwa anakuja kumaliza habari ya chuo. Wewe ukaenda mazoezi ya kwaya. Nikaifungua. Pete nzuri, Yunis, nilikaa naitazama peke yangu. Na katikati yake, kwenye ule uwazi wa bluu, kitone cheupe.

Mpiga picha wa mahali pengine asingekigusa. Mimi ni mpiga picha wa Ruaha. Msimu wa miwa, harusi yoyote ya jioni, masizi yanaelea hewani, flashi ikiyapiga yanageuka vitone vyeupe kwenye suti, kwenye keki, kwenye uso wa mchungaji. Kazi yangu baada ya kila harusi ni kuvifuta kimoja kimoja. Mkono umezoea, hauniulizi. Nikakiona kitone, mausi ikaenda, nikabonyeza, kikaisha. Tena nikajiona nimekutendea jema. Nikaiprinti, nikaitia kwenye ile fremu ya dhahabu ambayo wateja wanaililia. Halafu, kwa kuwa Jumapili asubuhi kulikuwa na kipaimara kanisani, na laptopu imejaa na memori kadi imejaa, nikafuta na zile picha za mwanzo zote. Studio ndivyo tunavyofanya. Ikishatoka safi, ile chafu ya nini?

Baba yako mkubwa akaja, akaamkiwa, akala, akapewa fremu. Aliishika kwa mikono miwili. "Nzuri," akasema. Nikamwambia ameipiga Yunis. "Safi sana," akasema, akaiweka kwenye kochi, akaanza habari ya mpunga. Wewe ukaingia na jagi la maji ya kunawa. Ukaiona. Ukaliweka jagi chini, ukaichukua fremu, ukaisogeza dirishani.

"Mama, kiko wapi?"

"Nini?"

"Nyota yenyewe. Ilikuwa hapa katikati."

Nikasema nimekisafisha, kilikuwa kialama tu. Ukasema, taratibu, "Umemfuta mwenye nyumba ukaacha moshi." Ukaomba zile za mwanzo, nami sina, nikawa mdogo kama kidonge cha piritoni. Na bado nikajitetea. Nilisema watu hawapendi kuona madoa. Hapo ukanitazama, ukaweka kidole kwenye kidevu chako, hapo penye kovu, ukasema, "Najua. Ndivyo unavyonifanyia mimi."

Baba yako mkubwa akauliza kuna nini. "Samahani baba," ukamwambia, "hii siyo picha yangu," ukatoka. Naye akasema ambalo mtu yeyote angesema, kwamba kama mwenyewe anaikana basi la uuguzi liendelee, na maombi yajazwe baada ya wiki mbili. Nilikuwa nimekuahidi kukuombea. Badala yake nikaliokota jagi, nikamnawisha. Alipoondoka ndipo tulipopigiana kelele, na jirani akaja kuomba ile chumvi yake.

Nilikaa na hasira siku kadhaa, nagonga masufuria. Nikasema huyu mtoto hana shukrani, anatengenezewa picha nzuri anaitafutia kasoro. Halafu asubuhi moja sina mteja, nikainua macho ukutani, pale juu ya kochi la wateja nilipokutundika tangu una miaka mitatu. Sare ya darasa la kwanza. Kipaimara chako. Kumaliza kidato cha nne. Nikapanda kwenye kiti nikazitazama kwa karibu. Hakuna hata moja yenye kovu. Nilijua nafuta, lakini sikujua kwamba nimefuta zote. Na sikujua kabisa kwamba wewe, uliyekuwa unafagia chini ya ukuta ule kila Jumamosi, ulikuwa unaona.

Unajua mimi nimejifunza kazi hii Kilosa enzi za filamu. Wakati ule ulichopiga ndicho ulichopata, na wateja walikuwa wananilalamikia mimi kwa sura waliyopewa na Mungu. Kompyuta ilipokuja nilikuwa wa kwanza hapa Ruaha kujua kulainisha uso, na watu walipanga foleni. Nilivimba kichwa, sikatai. Mara moja akaja mama mmoja mzee na picha ya marehemu mume wake, imekunjamana, akaomba niitengeneze. Niliitengeneza. Nilimwondolea mzee mikunjo ya karatasi na mikunjo ya uso pamoja. Yule mama akaitazama, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Na huyu ni nani?" Nilicheka naye nikadhani ni utani. Alichukua picha yake ya zamani, ile iliyokunjamana, na yangu akaisahau mezani. Hata hilo halikunifundisha kitu, mpaka nilipokuwa nimesimama kwenye kiti.

Nikamwambia baba yako nafunga studio, tunakwenda kuipiga upya mahali pasipo na moshi. Jumamosi ile nilikuwa na harusi Mikumi, nikampa mwenzangu wa kulekule aipige. Tukapita Mikumi asubuhi, tukaunga Kilosa, tukafika Kidete kwa bibi yako, darubini imefungwa kwenye khanga ileile, safari hii nimeifunga mimi. Wewe ulikuwa unaniongelesha kwa ndiyo na hapana. Bibi yako alipotuona tunashusha, akaniuliza kwa Kisagara mgonjwa ni nani.

Kidete hakuna miwa. Kuna ukungu wa mto Mkondoa, na kuna reli. Jioni ya kwanza mawingu yalikaa juu ya milima hayakutoka. Jioni ya pili yakatoka. Tukaanza, picha zikawa zinakuja vizuri, halafu treni ya mizigo ikapita, ardhi ikatetemeka, na kila nyota ikawa mchoro wa mtoto wa chekechea. Niliitukana treni. Bibi akasema treni imeanza kupita hapo kabla mimi sijazaliwa, kwa hiyo anayemsumbua mwenzake ni mimi. Wewe ulikuwa unaangalia zile picha zilizotetemeka, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ukanitania. "Hizi sasa ndizo za kufuta, mama. Karibu." Nikafuta kwa raha zangu zote.

Bibi tukamwekea kiti, naye akachungulia. Akauliza kama hicho kilichobaki katikati kinaonekana. Ukasema kwa jicho hapana, kwa kamera labda. Akauliza kama jua letu nalo litajivua. Ukasema ndiyo, lakini bado sana, sana. Akafikiri. "Na wa kulipiga picha hilo letu atakuwa amesimama wapi?" Ukasema hujui. Nilikuona, Yunis, ulivyofurahi kusema hujui. Mimi nikisema sijui naona aibu, natafuta pa kuangalia. Wewe ulisema kama mtu aliyeletewa zawadi. Pale ndipo nilipoacha kuutaka uuguzi wako, kabla picha haijatoka, na sikukwambia. Nakwambia sasa.

Tulipokaa mkekani unaziunganisha nikakuuliza swali ambalo ningeliuliza mapema tungeokoa nauli. Mtu anajuaje hiki ni nyota na kile ni uchafu? Ukanionesha. Uchafu wa ndani ya kamera unakaa na kamera, darubini ikisogea kidogo nyota zinahama na wenyewe unabaki palepale. Masizi ya hewani yapo kwenye picha hii, kwenye inayofuata hayapo. Ukizipanga nyota juu ya nyota, vyote hivyo vinayeyuka, na kilicho cha kweli kinazidi kukolea. "Ukiwa na wasiwasi na kitu, mama, ongeza picha. Usifute kwanza." Ukaendelea kuongeza. Nikaanza kuhisi kuna kitu pale katikati, nikadhani ni macho yangu. Ukaongeza tena. Hayakuwa macho yangu. Kidogo, cheupe, katikati kabisa. Nilikushika mkono wa mausi bila kukusudia, nikiogopa usije ukabonyeza kitu, ukaniambia, "Mama, niachie, mimi sifuti."

Hatukurudi nyumbani. Tulinyoosha Magole kabla maombi hayajajazwa, tukamkuta baba yako mkubwa anashona magunia ya mahindi. Safari hii hakukuwa na fremu. Tulimwamkia, ukafungua laptopu juu ya gunia, ukasogea pembeni. Akainama. Akaomba miwani yake, akainama tena, akaweka kidole chenye vumbi juu ya kioo.

"Hiki hapa katikati ni nini?"

Ile ya fremu ya dhahabu alisema nzuri akaenda kwenye mpunga. Hii alikaa nayo mpaka chai ikapoa. Ukimjibu moja anashika la pili. Kama imekufa, kinachowaka ni nini? Joto lake litakwisha lini? Nani alikwenda kupima? Ulipokuwa na jibu ulimpa, ulipokuwa huna ulimwambia huna. Mimi nilikuwa nimejiandaa kukuombea, maneno nimeyapanga tangu Kilosa, na sikupata pa kuyaingiza. Mwisho akachukua sindano yake ya magunia, akasema bila kututazama, "Huyu mwacheni akaulize huko. Uuguzi utapata wengine." Wewe ukalia. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba nikajifanya natafuta choo.

Darubini tumekwisha kuirudisha shuleni, lakini tofali bado liko uani, na baba yako amejikwaa nalo na bado hajaruhusiwa kuliondoa. Leo jioni ulipokuwa unaaga majirani nilitoka nikaitafuta Vega kwa macho. Imeinamia magharibi siku hizi. Nikakisia pete ilipo, nikasimama hapo, na nikapata swali ambalo nataka unipelekee huko unakokwenda. Nani alisema ile ni pete? Sisi tunaiona kwa mbele tu. Mimi mtu nikimpiga picha kwa mbele siwezi kuapa kisogo chake kikoje. Labda ni pipa, limetuelekezea mdomo. Wanajuaje? Usinijibu kwa kukisia ili kuniridhisha. Muulize anayejua, na akisema hajui, niandikie hivyohivyo.

Sasa habari ya bahasha utakayoikuta kwenye begi. Jana uliniomba picha za pasipoti za kupeleka chuoni. Nikakupiga, ukaenda zako, nikazifungua. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kidevu, kama kawaida yake. Nikautoa, nikaukalia.

Habari ya kovu hilo umesimuliwa na shangazi zako, mimi sijawahi kukusimulia. Ulikuwa ndiyo kwanza unajifunza kukimbia. Sufuria ya uji ilikuwa nyuma ya pazia, na mbele ya pazia kulikuwa na mteja, namwambia anyanyue kidevu kidogo, kidogo tena, abaki hivyohivyo. Nilikisikia kilio chako nikiwa bado nimefumba jicho moja. Na nilimalizia kubonyeza, Yunis. Kidole kilikuwa kimeshaanza kwenda, kikabonyeza, ndipo nikakimbia. Basi kila nikikutazama kwenye kompyuta nilikuwa nakisikia kilio kile, na nilikuwa na dawa yake mkononi. Sio kwamba uliharibika. Hujaharibika popote, wewe ni mzuri, na nimekutazama kuliko mtu yeyote duniani. Niliyekuwa simtaki pichani ni mimi.

Picha ziko kwenye mfuko wa nje wa begi. Nimeziacha zilivyotoka. Huko watu wakikuuliza hilo kovu la nini, usinifiche. Waambie ni uji, na mama yako alikuwepo, alikuwa nyuma ya kamera.

Ni mimi,
mama yako.